Mali Bila Daftari: Ni Nani Atakayewajua Wanyama Wetu?

Muulize mtoto wa Kenya angependa kufanya kazi gani atakapokuwa mtu mzima, naye atakutajia udaktari, urubani, uwakili au uhandisi. Ni nadra mno kumsikia akisema kwamba angependa kutumia maisha yake kuchunguza nyendo za fisi. Na akitokea mmoja mwenye ujasiri wa kutamka hivyo mbele ya wazazi, aghalabu hukatwa kauli papo hapo: "Mwanangu, usome wanyama halafu ule nini? Wanyama wapo tu, na nani asiyewajua?"

Swali hilo nimelisikia mara nyingi, mijini na mashambani, wala sina nia ya kulibeza. Latoka kifuani mwa mtu aliyeuza ng'ombe, au aliyeweka shamba rehani, ili karo ipatikane, naye ana haki ya kujua jasho lake litamrudishia nini. Hata hivyo, ukilitazama vyema utaona kwamba ni maswali mawili yaliyofungwa kwa kamba moja. La kwanza ni la riziki. La pili ni ile dhana kwamba wanyama wetu tunawajua. Nitaanza na hili la pili, kwa sababu ndilo linalolizaa la kwanza. Taifa linaloamini kwamba tayari linajua halioni haja ya kumlipa mtu anayetafuta kujua.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mfugaji hodari huenda asiwe na daftari la karatasi, lakini jioni mifugo inaporudi husimama mlangoni pa zizi, akajua mara moja kwamba yule mbuzi mweusi mwenye sikio lililochanika hayumo. Wanyamapori nao ni mali. Tumewachora hata kwenye sarafu zetu: twiga, kifaru, simba na ndovu. Tunajivunia fedha za kigeni wanazotuletea. Lakini je, ni nani asimamaye mlangoni pa zizi hilo kubwa kila jioni?

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Kenya ilikisiwa kuwa na ndovu zaidi ya 160,000. Kufikia mwaka 1989 walikuwa wamesalia chini ya 20,000. Msiba huo ulijulikana kwa sababu risasi za majangili zina kishindo, na Rais Daniel arap Moi alipozitia moto tani 12 za pembe za ndovu mnamo Julai mwaka huo, ulimwengu mzima uliuona moshi wake.

Upo msiba mwingine usio na kishindo. Mwaka 2016, Joseph Ogutu, Mkenya aliyebobea katika takwimu, alichapisha pamoja na wenzake matokeo ya hesabu zilizokuwa zikifanywa kwa ndege tangu mwaka 1977 na idara ya serikali inayopima rasilimali kutoka angani. Walionyesha kwamba katika nyanda zetu za malisho idadi ya wanyamapori ilikuwa imepungua kwa wastani wa asilimia 68. Maana yake ni kwamba penye wanyama watatu wakati ule, wawili hawapo tena. Hawakuuawa wote kwa bunduki. Nyua zilijengwa, malisho yakageuzwa mashamba, mifugo ikaongezeka na majira ya mvua yakavurugika. Lau wahesabuji hao wasingalipanda ndege mwaka baada ya mwaka, hadi leo tungekuwa tukiapa kwamba wanyama wapo tu.

Na hapa kuna jambo la kutafakari. Ogutu aliifanya kazi hiyo akiwa katika Chuo Kikuu cha Hohenheim, Ujerumani. Zizi liko kwetu, waliopanda ndege ni watu wetu, na msomi mwenyewe ni wetu. Meza ya kulisomea daftari ndiyo iliyokuwa ugenini.

Sasa tuitazame kazi yenyewe, maana wengi huichanganya na nyingine. Mwanazuolojia, yaani mtaalamu wa elimu ya wanyama, si askari wa mbuga, si mwongozaji watalii, wala si daktari wa mifugo, ijapokuwa hukutana na hao wote kazini. Askari humlinda mnyama, mwongozaji humwonyesha, daktari humtibu. Mwanazuolojia huuliza maswali. Mnyama huyu hula nini? Huzaa lini? Huhama kwa sababu gani? Mbona idadi yake inashuka upande huu na kupanda upande ule? Kisha hukaa miezi, pengine miaka, akikusanya ushahidi mpaka apate jibu ambalo mtu mwingine anaweza kulipima naye akaliona kuwa ni kweli.

Chukua mfano wa ndovu na nyuki. Wenyeji wa kaskazini mwa nchi walikuwa wakisema tangu zamani kwamba ndovu haugusi mti wenye mzinga. Watafiti waliipima kauli hiyo. Walitundika mizinga mitini na kuona ni miti ipi iliyovunjwa na ipi iliyosazwa. Baadaye Dkt. Lucy King akawapigia ndovu sauti ya nyuki iliyorekodiwa, nao wakatimka. Kutokana na hayo, huko Sagalla katika Kaunti ya Taita Taveta, wakulima wamezungushia mashamba yao mizinga iliyounganishwa kwa waya. Ndovu akiusukuma waya, mizinga hutikisika na wenyewe wakatoka. Uzio huo haumzuii kila ndovu, lakini huwazuia wengi, na mkulima aliyekuwa akilala nje akipiga madebe usiku kucha sasa huvuna mahindi, na asali juu yake. Mzazi anayeuliza elimu ya wanyama inaliwaje, jibu mojawapo ndilo hilo.

Mfano wa pili watoka Amboseli. Mwaka 2014, Karen McComb na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio ambalo kila Mkenya angependa kulisikia. Waliwarekodi Wamaasai na Wakamba wakitamka sentensi moja tu, kila mmoja kwa lugha yake, ya kwamba kundi la ndovu linakuja. Ndovu waliposikia sauti za wanaume wa Kimaasai, walijikusanya pamoja na kuinua mikonga kunusa hewa. Waliposikia sauti za wanaume wa Kikamba, wasiwasi wao ulikuwa mdogo. Sauti za wanawake na watoto wa Kimaasai nazo hazikuwatisha sana. Ndovu walikuwa wamejifunza ni nani katika jirani zao hubeba mkuki. Mnyama anayetujua kwa lugha, kwa jinsia na kwa umri amekwisha kutusoma. Sisi tumemsoma kwa kiasi gani?

Jaribio kama hilo haliwezekani mpaka kwanza ndovu wenyewe wajulikane mmoja mmoja. Utafiti wa Amboseli ulianzishwa mwaka 1972 na Cynthia Moss, Mmarekani, lakini kwa miongo kadhaa kazi ya kuwatambua ndovu hao kwa michirizi ya masikio na mikunjo ya pembe imebebwa pia na kina mama wa Kenya: Norah Njiraini, Soila Sayialel na Katito Sayialel. Wanajua ni nani mama ya nani na nani alizaliwa mwaka gani. Huo ndio usimamaji wa mlangoni pa zizi niliokuwa nikiutaja.

Wageni walioifungua njia hii wanastahili shukrani zetu. Mwaka 1960, msichana wa Kiingereza aliyekuwa katibu wa Louis Leakey jijini Nairobi alitumwa Gombe, ng'ambo ya pili ya Tanganyika, akawachunguze sokwe, naye hakuwa na shahada yoyote. Msichana huyo ni Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 2025 akiwa na umri wa miaka 91, na jina lake linajulikana dunia nzima. Lakini kuna sehemu ya hadithi ya Gombe ambayo haisimuliwi mara nyingi. Mnamo Mei 1975, waasi kutoka Zaire walilivuka Ziwa Tanganyika usiku wakawateka wanafunzi wanne wa kigeni. Wanafunzi hao waliachiliwa baadaye, lakini kituo kilibaki karibu bila watafiti wa kigeni. Utafiti haukufa. Watanzania waliokuwa wakifanya kazi pale, miongoni mwao Hilali Matama, Hamisi Mkono na Eslom Mpongo, waliendelea kuwafuata sokwe milimani tangu alfajiri hadi magharibi, wakiandika kila walichokiona. Nao waliandika kwa Kiswahili.

Nataka msomaji alizingatie hilo. Lugha hii hii unayoisoma gazetini ndiyo iliyotunza mojawapo ya madaftari marefu zaidi ya sayansi ya wanyama duniani. Anayedai kwamba Mwafrika hana subira ya utafiti, au kwamba Kiswahili hakiwezi kuibeba sayansi, na aende akaulizie madaftari ya Gombe.

Tatizo letu basi si akili wala macho. Huko Amboseli, tangu mwaka 2007, wapo mamorani walioajiriwa kuwalinda simba ambao zamani wangewawinda. Wengi wao hawakuwahi kukaa darasani. Walifunzwa kusoma na kuandika wakiwa kazini, na leo hufuata nyayo, humtambua kila simba na kupeleka taarifa ambazo mwenye shahada hawezi kuzipata akiwa ndani ya gari. Kinachopungua ni kitu kingine: mamlaka ya kuuliza swali. Kwa muda mrefu mgeni amekuja na swali lake na fedha zake, mwenyeji akabeba darubini, na kitabu kilipochapishwa jina la mwenyeji likatokea katika ukurasa wa shukrani. Anayeuliza swali ndiye anayeamua jibu litamfaa nani.

Ukitaka kuona tofauti inayoletwa na mwenyeji anayeuliza mwenyewe, mtazame hirola. Huyu ni swala mwenye alama nyeupe mfano wa miwani usoni, ambaye makazi yake ya asili yamo katika eneo la mpaka wa Kenya na Somalia peke yake. Katika miaka ya 1970 walikisiwa kuwa zaidi ya 10,000. Hesabu ya wanyamapori ya taifa zima iliyofanywa mwaka 2021 iliwapata 497. Dkt. Abdullahi Ali, mwana wa Garissa, alimfanya mnyama huyu kuwa somo lake la uzamifu katika Chuo Kikuu cha Wyoming, Marekani. Yeye na wenzake walionyesha kwamba nyanda za nyasi alizozoea hirola zimevamiwa na miti na vichaka, na kwamba kuangamizwa kwa ndovu, ambao walikuwa wakiiangusha miti hiyo, ni sehemu ya chanzo. Kwa hiyo dawa mojawapo ni kuzirudisha nyasi. Sasa fikiri: nyasi zikirudi, atakayenufaika ni hirola peke yake? Ng'ombe wa mfugaji wa Garissa naye atashiba. Mtoto wa wafugaji aliliuliza swali ambalo wazee wake walikuwa wakiliuliza kila kiangazi, na jibu likawafaa wote wawili, mnyama na jirani yake.

Hapa nirudi kwa mzazi na swali lake la riziki, maana sitaki kumdanganya yeye wala mwanawe.

Njia ni ndefu. Yataka Biolojia, Kemia na Hisabati, na katika hizo Hisabati ndiyo inayowashinda wengi, kwa kuwa hudhani kwamba kumpenda mnyama kunatosha. Hakutoshi. Mtafiti hushinda siku moja porini na siku nyingi mezani akipambana na takwimu. Vyuo vikuu vyetu kadhaa, miongoni mwavyo kile cha Nairobi, cha Eldoret na kile cha Maasai Mara kilichoko Narok, hufundisha zuolojia au usimamizi wa wanyamapori. Naivasha kuna taasisi ya taifa ya utafiti na mafunzo ya wanyamapori iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2013. Jirani zetu wa Tanzania wana chuo cha Mweka, karibu na Moshi, kilichofunguliwa mwaka 1963 na ambacho kimewafunza Wakenya wengi. Shahada ya kwanza hufungua mlango kidogo tu. Anayetaka kuuliza maswali yake mwenyewe itambidi apate uzamili, na aghalabu uzamifu.

Kazi nazo si nyingi. Wapo wanaoajiriwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), na Makavazi ya Kitaifa, na vituo vya utafiti wa samaki, na vyuo vikuu, na hifadhi za jamii na mashirika ya kibinafsi. Lakini nyingi za nafasi hizo, hasa katika mashirika, ni za mkataba wa miaka miwili au mitatu, na fedha za mfadhili zikiisha, mkataba nao huisha. Mtafiti mchanga hulala hemani, huugua malaria, hufukuzwa na nyati, na mshahara wake huenda ukazidiwa na wa mwenzake aliyeingia benki mwaka huo huo. Binti anayeichagua kazi hii huulizwa ataolewa lini na nani atakayekubali mke anayekesha porini. Dkt. Paula Kahumbu aliwafuata ndovu wa Shimba Hills mpaka akapata uzamifu wake katika Chuo Kikuu cha Princeton, na leo sauti yake inasikika katika kila mjadala wa wanyama wetu. Njia imekwisha kufyekwa, ijapokuwa bado ina miiba.

Na kijana asidhani kwamba lazima awe na simba. Marehemu Profesa Thomas Odhiambo alichagua wadudu, ambao nao ni wanyama, na mwaka 1970 akaanzisha jijini Nairobi kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ICIPE, ambacho kimewafaa wakulima kote barani. Huko Gede, katika Kaunti ya Kilifi, mradi wa Kipepeo ulioanzishwa mwaka 1993 umewawezesha wanakijiji walio kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke kufuga vipepeo na kuziuza pupa zake ng'ambo. Mwenye kumjua mdudu mmoja vizuri anaweza kuwafaa watu wengi kuliko anayewapiga simba mia picha.

Wala mtu hahitaji kungoja barua ya kuitwa chuoni. Anahitaji daftari, kalamu na subira. Andika ni ndege gani wanaokuja kwenye mti ulio nyuma ya jikoni, tarehe gani, saa ngapi, wanakula nini. Fanya hivyo mwaka mzima, kisha mwaka wa pili. Utakuwa umejua jambo ambalo huenda hakuna mwingine alijualo, na utakuwa umeipima subira yako mwenyewe kabla hujamgharimu mzazi wako hata senti. Anayechoka baada ya wiki tatu na amshukuru Mungu kwa kuonywa mapema.

Lakini haifai kumwachia kijana na mzazi wake mzigo wote. Serikali nayo ina sehemu yake, na sehemu hiyo haihitaji maajabu. Kwanza, fedha zinazoingia kwa jina la wanyama zitengewe fungu la kudumu la kuwajua wanyama hao, ili mtafiti Mkenya asiwe kila mara akipiga hodi kwa wafadhili. Pili, mgeni anayepewa kibali cha utafiti nchini asiridhike na kuajiri mpishi na dereva tu. Amchukue mwanafunzi Mkenya awe mshirika wake, jina lake liandikwe pamoja na la mgeni, na nakala ya data ibaki hapa. Tatu, watoto wa Kajiado, Narok, Samburu, Garissa na Taita Taveta, ambao ndovu hula mahindi ya mama zao na simba hula ng'ombe wa baba zao, wawe wa kwanza kupewa ufadhili wa masomo haya. Wao ndio wanaoilipa gharama ya wanyama hawa kila siku. Nne, matokeo yasiishie katika majarida ya ng'ambo. Yarudishwe barazani, kwa lugha ambayo mwenye shamba anaielewa, ili aliyehojiwa juu ya ndovu ajue ni nini kilichogunduliwa.

Nitamalizia kwa tarakimu moja. Katika Mbuga ya Ruma, Kaunti ya Homa Bay, ndimo walimobakia swala aina ya korongo katika Kenya nzima. Hesabu ya mwaka 2021 iliwapata 15. Darasa la shule ya kijijini lina watoto wengi kuliko hao. Mnyama aliyebakia 15 hawezi kuokolewa na askari mwenye bunduki peke yake; yuataka mtu amjue kila mmoja wao, ajue ni jike yupi aliyezaa na ni ndama yupi aliyekufa, na kwa nini. Kazi hiyo ipo, na inamngoja mwenyewe. Basi, mzazi mwenzangu, mwanao akikwambia kwamba angependa kwenda kuwajua hao 15, usimuulize atakula nini kabla hujamuuliza atahitaji nini.